Ukuaji ukisimama, tumekwisha?

"Mwalimu, shikamoo. Nina miaka 46, ni mhandisi wa maji, nina watoto watatu. Huu ni mwaka wa tatu bunge letu linashindwa kupitisha bajeti kwa wakati. Vyama viwili vikubwa vinavutana, kila kimoja kinasema mwenzake ndiye anayeua uchumi, na uchumi kweli unakufa: viwanda vinafungwa, vijana hawapati kazi. Wote wanaahidi ukuaji. Binti yangu aliye chuo kikuu anasema ukuaji wenyewe ndio ugonjwa, dunia haiubebi tena. Mimi naona ukuaji ukisimama tumekwisha: ajira, pensheni, deni la taifa, vyote vitaanguka. Nani yuko sahihi? Kuna nchi iliyowahi kuishi bila kukua? Kaka yangu ananisukuma nitoe michango yangu yote ya pensheni ninunue dhahabu kabla mambo hayajaharibika zaidi."

Marahaba, ndugu yangu. Umeniuliza maswali manne ukayafunga kitita kimoja, na nahisi ni kitita chenyewe kinachokunyima usingizi kuliko swali lolote lililomo ndani yake. Bunge limekwama, uchumi unashuka, ukuaji umetiliwa shaka na binti yako mwenyewe, na kaka yako anataka uvunje kibubu. Yakisomwa kwa mkupuo yanafanana na ugonjwa mmoja. Hapana. Nitayafungua moja moja, kisha nitakuonyesha yanapogusana, maana yanagusana kweli, ila si pale vyama vyako vinapodai.

Tuanze na bunge. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama, na watu wakiona bunge limeganda huikumbuka methali hiyo, wakaanza kutamani nahodha mmoja mwenye mkono wa chuma. Mimi naona methali hiyo haikuhusu. Chombo chako hakiendi mrama, hakiendi kabisa. Wingi wa manahodha si tatizo. Tatizo ni kwamba kila mmoja amepewa nanga yake, na hakuna anayepata hasara akiiacha chini.

Mfano uliokithiri ni wa ufalme wa Poland na Lithuania. Huko mjumbe mmoja tu wa baraza la taifa aliweza kusimama akatamka "nie pozwalam", yaani siruhusu, na kikao kizima kikavunjika pamoja na sheria zote zilizokwisha kukubaliwa humo. Mwaka 1652 mjumbe aitwaye Władysław Siciński alipinga kikao kuongezewa muda, kisha akaondoka zake. Wenzake wakabaki wanatazamana, wakakiri kwamba kikao kimekufa. Baada ya hapo ikawa mazoea. Katika utawala wote wa Mfalme August III, miaka thelathini hivi hadi alipofariki mwaka 1763, ni baraza moja tu, la mwaka 1736, lililofanikiwa kupitisha sheria. Na usidhani walikuwa wajinga. Waliilinda kura hiyo ya turufu kama alama ya uhuru wao, na wafalme wa nchi jirani nao walifurahi kununua mjumbe mmoja badala ya kupigana na jeshi zima. Ilipofutwa kwenye katiba ya Mei 3, 1791, majirani walikuwa wamekwisha kumega kipande cha nchi mwaka 1772. Wakamega tena 1793, na mwaka 1795 Poland ikatoweka kwenye ramani.

Nimekupeleka mbali hivyo ili uone jambo ambalo habari za kila siku hulificha. Mkwamo hautokani na tabia mbaya za watu. Unatokana na kanuni inayompa mtu faida kwa kuzuia na isiyomtoza chochote. Katika nchi nyingi zinazoongozwa na waziri mkuu, bajeti ikianguka bungeni serikali nayo huanguka, na kila mbunge anajikuta anaomba kura upya. Anayezuia anahatarisha kiti chake. Marekani haiko hivyo: bajeti isipopita, ofisi za serikali hufungwa na wabunge hubaki na viti vyao. Ndiyo maana zilifungwa kwa siku 35 kuanzia mwishoni mwa 2018, na kwa siku 43 mwaka 2025. Agosti 2011 nchi hiyo ilipoteza daraja lake la juu kabisa la mikopo kwa Standard & Poor's, kampuni inayopima uwezo wa wakopaji kulipa madeni yao, na si kwa sababu fedha zilikuwa zimeisha. Walikuwa wanagombania kikomo cha deni hadi wakopeshaji wakaanza kujiuliza kama hawa watu wapo sawasawa.

Sasa, je, mkwamo huo ndio unaoua uchumi, kama kila chama kinavyosema kuhusu mwenzake? Hapa ninakusahihisha kidogo. Ubelgiji walipiga kura Juni 13, 2010, na serikali mpya ikaapishwa Desemba 6, 2011. Siku 541. Mishahara ililipwa, treni zilitembea, uchumi haukuporomoka. Serikali ya zamani iliendelea kushika funguo, serikali za majimbo zilikuwa na mamlaka yao, na riba ilikuwa mikononi mwa Benki Kuu ya Ulaya. Bajeti ilipokosekana, walitumia utaratibu wa sehemu ya kumi na mbili: kila mwezi wizara inapewa moja ya kumi na mbili ya bajeti ya mwaka uliopita, basi. Wewe ni mtu wa mabomba, bila shaka umekwisha kuona kasoro. Fedha ya kuendesha pampu ipo kwa sababu mwaka jana ilikuwapo. Fedha ya kubadilisha bomba kuu haipo, kwa sababu mwaka jana halikuwa limepasuka. Novemba 2011 daraja la mikopo la Ubelgiji liliposhushwa, vyama vilikubaliana kuhusu bajeti ndani ya siku chache. Ilibidi kuzuia kuanze kuwagharimu.

Kwa hiyo mkwamo hauui uchumi papo hapo. Unakula yale yanayohitaji uamuzi mpya: ukarabati, mitaala, sheria ya kodi iliyopitwa na wakati. Niliwahi kuitwa kama mtaalamu kwenye kamati ya bajeti, mahali ambapo sitapataja. Mezani kulikuwa na mistari miwili, ukarabati wa mtandao wa maji uliokuwa unavuja na ujenzi wa chanzo kipya. Nilikuja na hesabu kuonyesha kwamba kuziba kungeokoa maji mengi zaidi kwa fedha kidogo. Hakuna aliyezipinga. Wakati wa mapumziko mjumbe wa upande wa serikali alinifuata kwenye korido, na dakika chache baadaye akanifuata wa upinzani, na wote wawili waliniambia karibu maneno yaleyale: hesabu zako ni sahihi, lakini siwezi kupigwa picha nikikata utepe kwenye bomba lililozibwa. Chanzo kipya nacho kikakwama kwa sababu kila upande ulikitaka kwenye eneo lake. Mabomba yakaendelea kuvuja. Hivyo ndivyo mkwamo unavyoonekana kwa karibu. Ngumi za bungeni ni za kamera.

Tuje kwenye kushuka kwa uchumi. Neno hili linabeba vitu viwili vinavyopaswa kutenganishwa, na watu wakivichanganya huogopa kisichostahili. Kuna kuporomoka, na kuna kutulia.

Kuporomoka ni Ugiriki. Kati ya 2008 na 2013 uchumi wake ulipungua kwa takriban robo, na watu zaidi ya 27 katika kila 100 waliokuwa kwenye soko la ajira wakawa hawana kazi. Kwa vijana ilikuwa zaidi ya nusu. Hakuna aliyepanga hivyo. Ukimsikia mtu akisema nchi inaweza kuishi bila kukua, ukaona picha ya Ugiriki kichwani, hofu yako ni halali. Ila binti yako hazungumzii hiyo. Gari likizimika katikati ya mteremko breki zikiwa zimekatika, na gari lililoegeshwa na dereva wake, yote mawili hayana injini inayowaka. Huwezi kuyaita hali moja.

Kutulia ni Japani, angalau kwa sehemu, na hili ndilo jibu la swali lako kama kuna nchi iliyowahi kuishi hivyo. Soko lake la hisa lilifika kileleni siku ya mwisho ya biashara ya mwaka 1989, kisha likaanguka, na halikukivuka tena kilele hicho hadi Februari 2024. Kwa zaidi ya miaka thelathini uchumi ulikua kidogo mno, miaka mingine haukukua kabisa. Mwaka 2010 China iliwapita kwa ukubwa wa uchumi, mwaka 2023 Ujerumani nayo ikawapita. Ukisoma vichwa vya habari tu ungedhani ni nchi inayozama. Lakini Wajapani wanaishi kwa wastani wa miaka 84 hivi, na ukosefu wa ajira haukuvuka sana asilimia 5 hata katika miaka mibaya kabisa. Sehemu kubwa ya kule kutokukua ilikuwa ni kupungua kwa watu wenye umri wa kufanya kazi. Ukigawa pato kwa watu wenye umri wa kufanya kazi, Japani haionekani mbaya ukilinganisha na matajiri wenzake.

Sitakuficha upande wa pili. Deni la serikali yao limepita mara mbili ya pato la taifa, na wanalibeba kwa sababu sehemu kubwa wanadaiana wenyewe kwa wenyewe, kwa riba iliyokuwa karibu na sifuri kwa miaka mingi. Si kila nchi ina bahati hiyo. Na waliomaliza masomo miaka ya 1990 hadi mwanzoni mwa 2000 waliitwa kizazi cha barafu ya ajira. Kampuni hazikuwafukuza wazee, ila zilifunga mlango kwa vijana. Wengi waliingia kwenye kazi za vibarua wakabaki humo hadi nywele zikaota mvi. Kwa hiyo kutulia kunawezekana, ila mtu hulipa, na asipochaguliwa kwa makusudi nani alipe, atalipa aliyekuja mwisho.

Sasa binti yako. Kwanza hesabu, maana wewe si wa kuogopa hesabu. Uchumi unaokua asilimia 3 kwa mwaka, kiwango ambacho wanasiasa hukiita cha wastani, hujirudufu kila baada ya miaka 23 na ushei. Baada ya miaka 100 unakuwa mara 19 ya ulivyo leo. Baada ya miaka 200, mara 369. Mara 19 ya nini? Ya saruji, ya samaki, ya safari? Hilo ndilo swali lake, na si swali la kitoto.

Anayemjibu kwa haraka atasema teknolojia itatuwezesha kukua bila kuchimba na kuchoma zaidi. Kuna ukweli humo. Uingereza imepunguza hewa ya ukaa inayotoka ndani ya mipaka yake kwa takriban nusu tangu 1990 huku uchumi wake ukikua. Jambo hilo limetokea, na wanaosema haliwezekani kabisa wanakosea. Lakini sehemu ya moshi huo ilihamia kwenye viwanda vya nchi nyingine vinavyowatengenezea bidhaa, na kasi yenyewe bado ni ndogo kuliko inavyotakiwa. Tena kuna mtego wa zamani ambao Mwingereza William Stanley Jevons aliuona tangu 1865: mashine za mvuke zilipoanza kutumia makaa kidogo kwa kazi ileile, matumizi ya makaa yalipanda, kwa sababu mashine ziligeuka nafuu kuendesha na kila mtu akazitaka. Unaokoa kwenye kila kipande, unapoteza kwenye wingi.

Halafu kuna suala la kipimo chenyewe. Pato la taifa ni jumla ya thamani ya bidhaa na huduma zilizozalishwa. Ajali barabarani huliongeza: gari la kuvuta, hospitali, bati jipya. Mama anayemlea mwanawe nyumbani haliongezi. Akiajiriwa kulea mtoto wa jirani, na jirani akaajiriwa kulea wake, pato limeongezeka kwa mishahara yote miwili. Simon Kuznets, mchumi aliyeongoza kazi ya kukokotoa pato la taifa la Marekani, aliionya Seneti katika ripoti yake ya mwaka 1934 kwamba ustawi wa taifa hauwezi kukadiriwa kwa kutazama pato pekee. Mwaka 1962 alirudia kwa ukali zaidi: anayetaka ukuaji aseme ukuaji wa nini, na kwa ajili ya nini. Kosta Rika inaonyesha alichokuwa anakisema. Wastani wa umri wa kuishi huko unakaribia au kupita miaka 80, unapishana kidogo sana na wa Marekani na miaka mingine huwa juu yake, ilhali pato lake kwa kila mtu, kwa dola za kawaida, halifiki theluthi ya lile la Marekani. Ni matokeo ya miongo ya kliniki za msingi na shule, kwenye nchi iliyofuta jeshi lake mwaka 1948.

Binti yako anapokosea, kama anakosea, ni pale anapoufanya ukuaji wote kuwa ugonjwa mmoja. Mahali ambapo watoto bado wanakunywa maji machafu, kukua kwa mabomba, umeme na zahanati si ulafi. Mjadala wa kupunguza unazihusu kwanza nchi zilizokwisha kushiba, na hata humo unawahusu kwanza walioshiba zaidi.

Na wewe unapokuwa sahihi, uko sahihi kweli: ukuaji ukisimama leo asubuhi bila kubadilisha kitu kingine, ajira, pensheni na deni vitapata matatizo. Inafaa ujue kwa nini, maana kila kimoja kinashikwa na kulabu yake.

Deni kwanza. Chukua nchi inayodaiwa 100 na yenye pato la 100 kwa mwaka. Riba ni asilimia 5, kwa hiyo mwakani inadaiwa 105. Pato likikua asilimia 5 nalo limefika 105; deni na pato vinatembea sambamba, hakuna anayehangaika. Pato likikua asilimia 2 tu, serikali lazima itenge karibu 3 kila mwaka, juu ya matumizi yake yote, ili deni lisilipite pato. Hiyo 3 inatoka kwenye shule, hospitali au mifuko ya walipa kodi. Ona basi: ukuaji haulipi deni, unalifanya lionekane dogo. Riba ikiwa chini ya ukuaji, nchi inapumua. Ikiwa juu, kila mwaka ni ugomvi.

Ajira nazo zina hesabu yake. Kila mwaka mashine na maarifa humwezesha mfanyakazi kuzalisha kidogo zaidi kwa saa ileile. Tija ikipanda asilimia 2 na nchi ikaamua kutozalisha zaidi, kazi iliyopo inapungua asilimia 2. Kuna njia mbili tu: wachache wafukuzwe, au wote wafanye saa chache. Ukuaji umekuwa njia ya tatu, ya kuzalisha zaidi ili wote wabaki na saa zao. Aisilandi walijaribu njia ya saa chache kati ya 2015 na 2019, wakiwa na wafanyakazi wa umma wapatao 2,500 waliopunguziwa wiki kutoka saa 40 hadi 35 au 36 bila kukatwa mshahara. Huduma hazikuanguka, na baadaye vyama vya wafanyakazi vikajipatia haki hiyo kwenye mikataba ya wengi. Ni jaribio la nchi ndogo, tajiri, yenye vyama vya wafanyakazi vyenye nguvu, kwa hiyo nisiliuze kupita thamani yake. Ila linaonyesha kwamba kulabu hii inafunguka.

Pensheni ni ngumu zaidi, na nadhani wengi wanaielewa vibaya. Mifuko mingi inalipa wastaafu wa leo kwa michango ya wafanyakazi wa leo. Wachangiaji watano wakimbeba mstaafu mmoja, mzigo ni mwepesi. Wakiwa wawili, mabega yanauma. Hilo linasababishwa zaidi na umri wa watu kuliko ukubwa wa uchumi. Ukuaji husaidia kwa sababu wale wawili wanakuwa na kipato kikubwa kuliko wale watano wa zamani. Bila ukuaji, lazima useme wazi: umri wa kustaafu usogee, au mchango upande, au mafao yashuke, au fedha itoke kwenye kodi ya mali.

Umeona kinachojirudia? Kila mahali ukuaji unapoondoka, swali lilelile hubaki mezani: nani apate kidogo? Hapa ndipo maswali yako manne yanapogusana. Kwa miongo mingi vyama viliweza kuelewana kwa sababu kila mwaka kulikuwa na nyongeza. Huyu alipewa barabara, yule nyongeza ya mishahara, na hakuna aliyenyang'anywa kitu alichokuwa nacho tayari. Maelewano ya namna hiyo hayahitaji ujasiri. Nyongeza inapokauka, kila makubaliano yanamtaka mtu akubali kupoteza, na anayeweza kuzuia anazuia. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, mkwamo wa bunge lako umeanza kama dalili ya kupungua kwa ukuaji, kisha ukageuka kuwa sababu mojawapo. Vyama vyako vinaahidi ukuaji kwa sababu ni ahadi pekee isiyohitaji kumtaja wa kupoteza.

Na hapa ndipo ninapowauliza wenzangu wanaohubiri uchumi usiokua: mnahitaji siasa inayoweza kugawana kwa haki, mtaipata wapi, ikiwa hii tuliyonayo inashindwa kugawana hata nyongeza? Baadhi hujibu kwa kubadilisha vipimo. New Zealand ilitoa bajeti ya ustawi mwaka 2019, Wales ina sheria ya mwaka 2015 inayozitaka taasisi za umma kufikiria vizazi vijavyo. Ni hatua nzuri. Lakini kubadilisha mizani hakumpunguzii mtu uzito.

Mimi mwenyewe nimeishia kwenye msimamo usiopendeza jukwaani. Sipendekezi nchi itangaze kuacha kukua, wala kukimbiza asilimia fulani kwa gharama yoyote. Napendekeza ifungue zile kulabu moja moja, ili mwaka ambao ukuaji haupo usiwe mwaka wa msiba. Pensheni ifungamanishwe na umri wa kuishi kwa kanuni iliyokubaliwa mapema. Saa za kazi zipungue tija inapopanda. Kodi ihame kidogo kutoka kwenye jasho la mshahara kwenda kwenye ardhi na uchafuzi. Deni lichukuliwe kwa vitu vinavyodumu. Uchumi ukikua baada ya hapo, vema. Usipokua, hakuna anayelala njaa.

Kuhusu namna ya kupitisha mambo hayo katika bunge lililoganda, kuna njia mbili nilizoziona zikifanya kazi. Moja ni kukubaliana kanuni kabla ya ugomvi, wakati hakuna anayejua atakuwa upande gani. Waswisi walipiga kura mwaka 2001 kuweka breki ya deni kwenye katiba, yaani kanuni inayoizuia serikali kukopa kupita kiasi, karibu asilimia 85 wakaunga mkono, na tangu 2003 kila serikali inaikuta hapo. Nyingine ni kuwatoa wanasiasa kwenye chumba kwa muda. Ayalandi iliwachagua raia 99 kwa mfano wa bahati nasibu, ikawapa mwenyekiti jaji, wakakaa kuanzia 2016 hadi 2018 wakisikiliza wataalamu na walioguswa, mojawapo ya mada ikiwa utoaji mimba, suala ambalo wabunge walilikwepa kwa miaka mingi kama moto. Mapendekezo yao yakafungua njia ya kura ya maoni ya Mei 25, 2018, na asilimia 66.4 wakakubali mabadiliko. Usikubaliane na matokeo ukitaka; tazama jinsi fundo lilivyofunguliwa. Hata hivyo njia hii inahitaji serikali iliyo tayari kupokea jibu. Raia wakishauri kisha ushauri wao ukawekwa kabatini, hasira huwa kubwa kuliko mwanzo.

Nimebakiza kaka yako. Ninakuelewa: mtu akiona manahodha wanavutana, anatafuta boya. Lakini dhahabu si boya la aina unayodhani. Januari 1980, dunia ikiwa na hofu kama yako, ilifika takriban dola 850 kwa wakia. Miaka ishirini baadaye ilikuwa chini ya 300, na haikurudi kwenye 850 hadi Januari 2008, tena hapo sijahesabu mfumuko wa bei uliokula katikati. Miaka 28. Ukinunua leo kwenye kilele kama kile, utakuwa na miaka 74 ukisubiri kurudishiwa chako. Huenda usinunue kwenye kilele. Hujui, wala mimi sijui, wala kaka yako. Kuwa na dhahabu kidogo miongoni mwa vitu vingine si kosa. Kuhamishia uzee wako wote humo ni kucheza kamari.

Kabla hujasaini fomu yoyote, nenda mwenyewe kwenye ofisi ya mfuko wako, usipige simu. Chukua taarifa ya michango yako ya miaka yote. Uliza kwanza ni kiasi gani utakatwa ukitoa kabla ya umri. Uliza kama ukitoa unapoteza na ule mchango wa mwajiri, pamoja na mafao ya ulemavu na ya warithi, maana hayo watu huyasahau hadi siku ya msiba. Uliza mfuko una wachangiaji wangapi kwa kila mstaafu, na ripoti ya mwisho ya mkaguzi ilisema nini. Omba majibu kwa maandishi. Kisha mpelekee mshauri wa fedha mwenye leseni, anayelipwa ada na wewe na si kamisheni na muuza dhahabu, aisome hali yako nzima: madeni, karo, umri wa mkeo au mumeo. Mimi nimeona barua yako tu.

Na kama usingizi umekukimbia kwa zaidi ya wiki mbili, au umeanza kufungua habari saa nane za usiku na kugombana na wa nyumbani kwa ajili ya bunge, mwone daktari au mshauri nasaha, ana kwa ana. Mtu asiyelala haamui vizuri kuhusu pensheni. Ukienda kwenye ofisi ya mfuko, mchukue na kaka yako akaulize maswali yake mwenyewe.